Mkuki Wako Uache Mlangoni

Kila Idi inapokaribia, vijana wetu huulizana watakwenda kutembea wapi, na wazee huulizana watawaruhusu waende na nani. Huu ndio mwendo wa nyumba zetu tangu zamani: baada ya sala na baada ya pilau, watoto huvaa nguo mpya na kutaka kupelekwa mahali penye bembea, vinywaji baridi na watu wengi. Lakini siku hizi, kabla mtoto hajaifikia bembea, hukutana kwanza na mlango, na mlangoni yuko askari mwenye kifimbo kinacholia, amwambiaye baba yake, "Inua mikono, mzee." Baba hukunja uso. Mama huushika mkoba wake kwa nguvu. Na mtoto huuliza swali ambalo wengi wetu hatukujiandaa kulijibu: "Baba, kwani sisi tumefanya nini?"

Tumeona vema mwezi huu tujaribu kulijibu swali la mtoto huyu. Maana wako miongoni mwetu waonao kwamba kupekuliwa ni kuvunjiwa heshima, na wako wasemao kwamba mwanamume kamili hapaswi kunyang'anywa silaha yake ambayo serikali yenyewe imempa ruhusa kuwa nayo. Tena wako wengine, nao si wachache, walioumizwa kweli na namna walivyotendewa milangoni. Kila mmoja ana neno lake, na yafaa tuyapime maneno yote kwa haki.

MKUKI ULIOSIMAMA NJE

Endasak ni mji mdogo wa Wilaya ya Hanang, katika Mkoa wa Manyara, kando ya barabara itokayo Babati kwenda Katesh na Singida. Juu yake umesimama Mlima Hanang, wenye kimo cha mita 3,417, ambao msafiri huuona kwa mbali sana kabla ya kuufikia. Katika nchi hii huishi Wairaqw, ambao watu wengine huwaita Wambulu. Huishi Wabarabaig, wafugaji mashuhuri wa ng'ombe. Na wamo Wanyaturu, Wanyiramba, Warangi na wafanya biashara waliotoka kila upande. Siku ya mnada wote hukutana: mwenye ng'ombe, mwenye vitunguu, mwenye vitenge na mwenye kuuza chai.

Mfugaji wa Kibarabaig akitembea porini hushika fimbo au mkuki. Mgeni aliyetoka mjini huweza kushtuka aonapo chuma kile kirefu kinachong'aa, akadhani kwamba kuna vita. Hakuna vita. Mkuki ule ni chombo cha kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Maana porini mna fisi, na zamani simba walikuwa wengi kuliko leo, na ndama hana mtetezi ila mchungaji wake.

Siku moja ya mnada nilikuwa nimeketi katika duka la ndugu mmoja Mwislamu pale Endasak. Akaja mzee mmoja wa Kibarabaig pamoja na kijana, wote wawili wana mikuki. Yule mzee aliuegemeza mkuki wake ukutani nje ya mlango, kisha akaingia. Kijana akaingia na wake. Mzee hakupaza sauti. Alimwambia maneno mawili matatu kwa lugha yao, na kijana akarudi nje, akauegemeza mkuki wake karibu na ule wa mzee, akaingia mikono mitupu.

Nilipomwamkia mzee shikamoo naye akaitikia, nilimwuliza, "Mzee wangu, kijana umemwambia nini?"

Akanijibu, "Nimemwambia, mkuki ni wa ng'ombe. Ndani ya nyumba ya huyu bwana hakuna ng'ombe wetu, wala hakuna fisi."

Kisha akaongeza, "Nikiingia nao, mwenye nyumba atanitazama mimi, au atautazama mkuki?"

Ndugu msomaji, neno la mzee huyu lilinikaa moyoni, maana kila nikilitazama naona kwamba lina jawabu ya jambo letu lote. Mzee hakuona kuwa amepungukiwa na uanaume kwa kuacha mkuki nje. Wala mwenye duka hakumnyang'anya kitu. Ilikuwa ni adabu ya mgeni na salama ya mwenyeji, na baina ya mambo mawili haya hapakuwa na ugomvi wowote. Ada hii si ya Endasak peke yake. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, Wamasai wakiwa miongoni mwao, huuchomeka mkuki ardhini nje ya nyumba wanapotembelea watu. Na Wakamba wa Kenya, waliokuwa mafundi wa upinde, walizoea kuvifunga vichwa vya mishale yao yenye sumu kwa ngozi laini, ili sumu isikauke na ili mwenzi wa njiani asichomwe kwa bahati mbaya. Basi mtu asituambie kwamba kuizuia silaha mbele za watu ni jambo geni lililoletwa na wageni. Wazee wetu walilijua kabla ya mashine kupatikana.

MAFUNDISHO YALIYOTANGULIA

Na Waislamu tuna zaidi ya ada. Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) aliamrisha mtu apitaye na mishale katika misikiti au katika masoko azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Tazama mahali palipotajwa: msikiti na soko, yaani mahali pa ibada na mahali pa msongamano. Tazama pia kwamba mtu aliyeambiwa hakuwa adui wala mwizi. Alikuwa mtu mwema anayepita na mishale yake kwa haja zake. Hata hivyo hakuachwa apite apendavyo, kwa kuwa nia njema ya mwenye mshale haiuzuii mshale kumchoma mtu.

Kadhalika imepokewa kwamba alikataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha, kwa kuwa hajui huenda shetani akauvuta mkono wake. Na alikataza upanga kupokezanwa ukiwa nje ya ala. Haya yote ni mafundisho ya tahadhari, nayo yawahusu watu wema kabla ya kuwahusu watu waovu.

Tena kuna kisa kimoja ambacho chapasa kusomwa katika kila nyumba zinapokaribia sikukuu. Abdullah bin Umar (r.a.), sahaba mwenye heshima kubwa, alikuwa Mina katika siku za Hija hali amekwisha kuwa mzee. Katika msongamano wa watu ncha ya mkuki ilimchoma katika unyayo, na mguu ukagandamana na kikuku cha kipando chake. Sa'id bin Jubayr, aliyekisimulia kisa hiki, ndiye aliyeteremka akauchomoa. Al-Hajjaj, aliyekuwa mtawala wakati huo, alipokwenda kumtazama alisema kwamba laiti wangalimjua aliyemjeruhi. Ibn Umar akamwambia kuwa aliyemjeruhi ni yeye Hajjaj mwenyewe, kwani ndiye aliyeruhusu silaha zichukuliwe katika siku ambayo hazikuwa zikichukuliwa, na akaziingiza katika eneo takatifu ambamo hazikuwa zikiingizwa.

Jawabu hili ni zito sana. Ibn Umar hakumtafuta mwenye mkuki. Alimtafuta mwenye mlango. Alijua kwamba mahali penye maelfu ya watu, aliye na dhamana ya mahali pale ndiye mwenye kuulizwa: kwa nini chuma hiki kiliachwa kiingie?

Lakini tusiwe watu wa kushika upande mmoja wa habari na kuuacha wa pili. Imepokewa vile vile kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina, na Mtume (s.a.w.) hakuwakataza, bali alimwacha Bibi Aisha (r.a.) akitazama mpaka akatosheka. Na yeye mwenyewe alipotoka kwenda kusali Idi uwanjani, alichomekewa mkuki mfupi mbele yake uwe ni sitara ya sala. Basi je, habari hizi zapingana? Hazipingani. Bukhari mwenyewe, katika mlango wa Idi, ameweka habari za mchezo wa mikuki, na ameweka pia mlango wa karaha ya kuchukua silaha siku ya Idi. Mchezo wa Wahabeshi ulikuwa na mahali pake, wachezaji wake wanajulikana, na watazamaji wamekaa kando. Mkuki uliomchoma Ibn Umar ulikuwa katikati ya msukumano wa watu, usiojulikana ni wa nani. Mkuki ni ule ule, ila hali si ile ile. Na al-Hasan al-Basri alisema kwamba watu walikatazwa kuchukua silaha siku ya Idi ila wakimhofia adui.

Hata Makka yenyewe, katika mwaka wa 7 wa Hijra, Waislamu walipokwenda kufanya Umra baada ya mapatano ya Hudaybiya, waliingia na panga zilizomo alani tu, na silaha nyingine wakaziacha nje ya mji chini ya ulinzi wa wenzao. Yule mzee wa Endasak aliyeegemeza mkuki ukutani alifuata mwendo ulio karibu na huo, ingawa pengine hakupata kuusikia.

KWA NINI MILANGO IMEKUWA MIGUMU

Kijana wa leo huenda akasema: hayo ni ya mikuki, lakini sisi tunakwenda kula na kucheza tu, kwa nini tupekuliwe kama wahalifu? Jawabu yapatikana katika misiba iliyozipata nchi zetu wenyewe.

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu mawili yaliyochukuliwa na magari yalilipuka katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Dar es Salaam watu 11. Mjini Dar es Salaam gari lile halikuweza kuingia ndani. Lilizuiliwa langoni na gari la maji. Kama lingaliingia, hasara ingalikuwa kubwa kuliko ilivyokuwa. Hapo ndipo watu wengi wa nchi hizi walipofahamu kwamba mlango unaochelewesha huokoa.

Tarehe 11 Julai 2010 watu walikuwa wamekusanyika Kampala kutazama mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia, wengine katika uwanja wa Kyadondo na wengine katika mkahawa wa Kihabeshi. Mabomu yalipolipuka walikufa watu zaidi ya 70. Hawa hawakuwa askari, wala hawakuwa katika vita. Walikuwa wakitazama mpira. Tarehe 21 Septemba 2013, siku ya Jumamosi, watu wenye bunduki waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Na juu ya jengo lile, mahali pa kuegesha magari, palikuwa na mashindano ya watoto ya kupika. Wazazi walikuwa wamewapeleka watoto wao kufurahi, kama vile sisi tuwapelekavyo wa kwetu siku ya Idi.

Na msiba haukuwa wa jirani tu. Arusha, ambao Manyara ilikuwa sehemu ya mkoa wake mpaka mwaka 2002, ilipigwa mara mbili katika mwaka 2013: tarehe 5 Mei kanisani Olasiti, na tarehe 15 Juni katika mkutano wa siasa uwanja wa Soweto. Pote pawili watu walikufa.

Huko Marekani, ambako viwanja vya michezo na bembea ni vikubwa mfano wa miji, mwendo umekuwa ule ule. Disneyland ilipofunguliwa mwaka 1955 hapakuwa na mtu wa kupekua mikoba. Baada ya mashambulio ya Septemba 2001 mikoba ilianza kutazamwa. Na tarehe 17 Desemba 2015 viwanja vya Disney, na vile vya Universal na SeaWorld katika mji wa Orlando, vilianza kutumia mashine za kugundua chuma milangoni. Disney ilikwenda mbali zaidi: iliacha kuuza hata bunduki za watoto za kuchezea ndani ya viwanja vyake, na ikawakataza wageni wa miaka 14 na zaidi kuvaa mavazi ya kujigeuza sura. Nchi ambayo bunduki ni nyingi kuliko zote imeona kwamba mahali pa watoto hapafai bunduki, hata ile ya bandia.

"MIMI NINA RUHUSA YANGU"

Sasa tumsikilize yule asemaye, "Bastola yangu ni ya halali, nina cheti, nikiwa nayo nitawalinda watoto wangu na wa wenzangu." Neno lake si la kudharauliwa. Katika Westgate, miongoni mwa watu wa kwanza kuingia kuwaokoa waliokwama walikuwamo polisi wasiovaa sare na raia wenye silaha za halali, nao waliwatoa watu wengi kwa ushujaa mkubwa. Ni haki tuwashukuru.

Lakini katika jengo lile lile, siku ile ile, wanajeshi waliwapiga risasi askari polisi kwa kutowatambua, na mkuu mmoja wa kikosi cha polisi akafa. Ikiwa watu waliofunzwa kazi hiyo, wenye vyombo vya kuzungumza na wenye wakubwa wa kuwaamrisha, walikosa kutambuana katika moshi na makelele, je, baba mmoja aliyevaa kanzu, amemshika mtoto mkono wa kushoto na bastola mkono wa kulia, atatambuliwa na nani? Polisi afikapo na kumwona, atajuaje kuwa huyu ni mwokozi, si muuaji?

Tena misiba mikubwa huja mara chache, lakini ugomvi mdogo huja kila siku: mtu kakanyagwa mguu, gari limezibiwa njia, kijana kamtazama dada wa mwenziwe. Hasira ya dakika mbili isipokuwa na silaha huisha kwa matusi, na pengine kwa ngumi. Ikiwa na silaha huisha kwa jeneza. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Mwenye silaha kiunoni humfikiria nguruwe. Hajifikirii yeye mwenyewe upande wa pili wa mkuki.

Sheria nayo yaelekea huko huko. Katika Tanzania silaha za moto husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2015, na hapana awezaye kuwa nayo bila leseni. Kanuni ya Adhabu yahesabu kuwa ni kosa mtu kutembea hadharani na silaha, bila sababu ya halali, kwa namna ya kuwatisha watu. Na tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi mapatano mjini Nairobi ya kuzuia kuenea kwa silaha ndogo ndogo. Leseni ya kumiliki haimlazimishi mwenye uwanja kukukaribisha na silaha yako, kama vile haki ya mfugaji kuwa na mkuki isivyomlazimisha mwenye duka kuupokea ndani.

KIFIMBO KINAJUA NINI?

Yafaa pia tujue ni kitu gani kile kinacholia, maana tusichokijua hutuogofya au hutudanganya. Ndani ya kifimbo cha askari mna waya uliozungushwa mara nyingi. Umeme upitapo katika waya huo hufanya nguvu ya sumaku kukizunguka. Chuma kikaribiapo, nguvu ile huvurugika, na kengele hulia. Basi! Kifimbo hakijui zaidi ya hapo. Hakijui kama chuma ni kisu au kijiko, ufunguo au bangili. Hakioni baruti isiyo na chuma, wala kuni, wala nia ya mtu. Mzee aliyetiwa chuma mfupani hospitalini baada ya kuvunjika atalizwa na mashine ingawa hana kosa, kwa hiyo ni vizuri amwarifu askari mapema. Mashine kubwa za kutazamia mizigo, kama zile za viwanja vya ndege, huonyesha vitu kwa rangi: kwa desturi vyuma huonekana vya buluu, na vitu kama chakula, nguo na karatasi huonekana rangi ya machungwa. Lakini huko nako ni jicho la mtu ndilo linaloamua.

Kwa hiyo tusidhani kwamba mahali penye mashine pana salama kamili. Tukumbuke tarehe 1 Oktoba 2008, sikukuu ya Idi el-Fitri, mjini Tabora. Watoto wengi walijaa katika ukumbi wa dansi kusherehekea, na watoto wapatao 20 wakafa kwa kukosa hewa na kukanyagana. Hapakuwa na bunduki wala bomu. Palikuwa na watu wengi kuliko nafasi. Mlango mwema hautafuti silaha tu. Huhesabu watu, hukataa kujaza, na huhakikisha kwamba kuna mlango wa pili wa kutokea. Baba amlipiaye mtoto kiingilio bila kutazama mambo haya amefanya nusu ya kazi yake.

HESHIMA YA ANAYEPEKULIWA

Yote tuliyoyasema ni haki ya mwenye mlango. Sasa tuseme haki ya mwenye kupita, kwani nayo ni kubwa, na ikivunjwa watu huchukia hata lile lililo jema.

Idi moja nilifika na ahali yangu na watoto katika mlango wa mahali pa kutembea, katika mji ambao sitautaja. Mbele yetu walipita mabwana kadhaa waliovaa suti, na kifimbo hakikuinuliwa. Tulipofika sisi, mimi na kanzu yangu na mwenzangu na buibui lake, tukasimamishwa. Mimi nilipekuliwa, wala sikuona vibaya. Lakini askari yule, mwanamume, alinyosha mkono kutaka kumpekua mwenzangu. Nilimwambia kwa upole, "Ndugu yangu, huyu apekuliwe na mwanamke mwenziwe." Akajibu kwamba mwanamke hayupo, na tukiona taabu turudi nyumbani. Watoto walianza kulia. Tulisimama kando karibu nusu saa mpaka akaja mama mmoja mfanya kazi wa humo ndani, akamtazama mwenzangu nyuma ya pazia kwa muda usiofika dakika moja, akasema, "Samahani sana, dada."

Neno lile moja lilifuta mengi. Lakini lilinifunza kwamba hasira yangu haikuwa juu ya kupekuliwa. Ilikuwa juu ya kuchaguliwa. Wengi wa ndugu zetu wamelionja jambo hili kwa ukali zaidi. Aprili 2014, baada ya mashambulio katika Kenya, polisi waliwakamata maelfu ya watu katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, walio wengi wakiwa Wasomali, na wengi wao wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kati yao walikuwamo wanawake na watoto wasio na hatia yoyote. Upekuzi wa namna hii hauleti salama. Huwafanya watu wamwogope askari, na mtu amwogopaye askari hamwambii alichokiona.

Basi mwenye mlango na apekue watu wote, tajiri na maskini, mwenye suti na mwenye kanzu, mwenye msalaba shingoni na mwenye kofia kichwani. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, mahali pa stara. Askari aamkie kabla ya kuamuru, na aseme atafutacho. Mali itolewayo mkobani irudishwe mbele ya mwenyewe. Na awepo mtu wa kupokea silaha za halali, aziandike, azifungie, azirejeshe kwa mwenyewe atokapo, kama mikuki ya Endasak ilivyowangoja wenyewe ukutani. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji adabu.

NYUMBANI NDIPO MWANZO

Wajibu uliobaki ni wetu wazazi. Tuwaeleze watoto kabla ya kutoka kwamba mlangoni watatazamwa, na kwamba si adhabu. Baba awe wa kwanza kuinua mikono bila kununa, kwani mtoto husoma uso wa baba yake kabla ya kusikia maneno yake. Tuwafunze vijana wasifanye mzaha wa kusema wana bomu au kisu. Mzaha huo umewapeleka wengi kituo cha polisi. Kisu cha kukatia maembe kibaki jikoni. Na tunapowanunulia watoto vitu vya Idi, tutazame tunawanunulia nini. Bunduki ya bandia mkononi mwa mtoto humzoesha kumlenga ndugu yake kifuani huku akicheka. Nasi tumekwisha kuona kwamba kulenga kwa mzaha kumekatazwa. Mpira, tiara na baiskeli havikosekani madukani.

Na wakulima na wafugaji walio jirani zetu, tusiwaogope kwa ajili ya mikuki na marungu yao. Tuwaulize, kama nilivyouliza mimi. Tutaona kwamba wengi wao walijifunza tangu utotoni lile ambalo sisi twafundishwa leo kwa mashine.

Nilipotoka katika duka lile la Endasak jioni, mnada ulikuwa umekwisha na vumbi limetua. Yule mzee na kijana wake walikuwa wakijitayarisha kuondoka. Kijana aliinuka wa kwanza, akachukua mikuki yote miwili, akampa mzee wake kwa upande wa mpini, ncha akaielekeza chini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Mwenyezi Mungu atupe sote adabu ya namna ile, azilinde nyumba zetu na za majirani zetu, na azifanye sikukuu zetu kuwa siku za furaha isiyofuatwa na kilio. Amin.